Maji yakishaondoka ndio hasara inaanza: maswali yenu kuhusu mafuriko

Tangu mvua ya masika ianze nimepokea maswali mengi kuliko wakati wowote, na karibu yote ni ya maji. Wengine mnaandika usiku mkiwa mmekaa juu ya kitanda mkiangalia mlango, nimesoma hizo jumbe zote jameni, hata zile sikujibu hapa. Nimechagua matano ambayo naona yanagusa watu wengi, na la kwanza nimelijibu kwa urefu juu hilo ndilo naona watu wengi wa Nairobi hatujawahi kuelezwa vizuri.

Dada, mimi ni mama wa watoto watatu, nauza chapati na maharagwe Mathare, chini huku karibu na mto. Mwisho wa Aprili 2024 maji yaliingia kwetu usiku, tukatoka na watoto na simu pekee. Baadaye kukaja vijana wa kuandikisha, wakaniuliza nimepoteza nini, nikasema godoro, jiko na nguo. Wakaandika wakaenda. Mpaka leo sijasimama sawa na nikiambia watu ni mafuriko yaliniangusha wananiuliza kwani godoro ni pesa ngapi. Sasa mvua imerudi na naogopa. Hasara ya mafuriko huwa inahesabiwa aje? – Mama wa chapati, Mathare

Pole sana mama. Na nianze na kukwambia hukukosea, mtu akiulizwa "umepoteza nini" akiwa amesimama kwa matope na mtoto mgongoni atataja kile anaona hakipo. Swali ndio lilikuwa fupi. Hasara ya mafuriko iko na sehemu mbili, kuna ile maji yanafanya yakiwa ndani ya nyumba, na kuna ile inakuja maji yakishaenda, na hii ya pili ndio hakuna mtu huwa anaandika kwa karatasi.

Nikupe hesabu ya mfano tu, weka zako mahali pangu. Tuseme godoro ni 4,000, jiko na sufuria 3,500, unga na mafuta ya kupikia uliyokuwa umeweka 3,200, nguo na viatu vya watoto 5,000. Hiyo ni 15,700 na hapo ndipo yule kijana wa kuandikisha alifunga kitabu. Sasa endelea. Ulikaa siku ngapi bila kupika? Kama ulikuwa unabaki na faida ya 600 kwa siku na ulifunga siku 23, hiyo ni 13,800 ambayo haikuingia kwa mkono wako na ilikuwa iingie. Ulihama, mkokoteni 800, na landilodi wa zamani akakataa kurudisha deposit ya 3,000 juu ati nyumba imeharibika. Mtoto akaanza kuhara ukaenda kliniki na dawa, 1,900. Ukakopa 5,000 kwa simu ya kuanzia ukalipa 5,900, ile 900 ya juu ni ya mafuriko pia. Jumlisha, inafika 20,400. Unaona? Ile ambayo hakuna mtu alikuuliza ndio kubwa kuliko ile walikuuliza, na zote pamoja ni 36,100. Sasa mtu akikuuliza godoro ni pesa ngapi utakuwa na jibu.

Deposit ya nyumba mpya usiiweke kwa hesabu ya hasara, hiyo bado ni pesa yako na utairudishiwa siku moja ukihama vizuri, hata kama kuitafuta ilikuumiza. Nasema hivi juu hesabu ikiwa na kitu kimoja cha kuongezea, mtu akigundua anatupa yote.

Alafu kuna bei. Tuseme godoro lako lilikuwa la miaka mitano, ukienda kuuza ungepewa mia tano, lakini ili watoto walale leo unahitaji la 4,000. Watu wa bima mara nyingi wanahesabu ile bei ya kitu kilichotumika, lakini mtu anayetaka kuanza upya anahitaji bei ya kununua. Andika zote mbili, moja kando ya ingine, na uandike kitu kilikuwa na miaka mingapi.

Hii maneno mimi naijua kutoka nyumbani. Ile El Niño ya 1997 kuingia 1998 nilikuwa mtoto Kariobangi, mamangu alikuwa anashona nyumbani na maji yaliingia mpaka kwa magoti. Kila mtu alikuwa anamwambia pole ya cherehani. Na cherehani ilipona, fundi aliifungua akaisafisha, akaweka mafuta, ikashona miaka mingine mingi. Kile hakikupona ni vitambaa vya wateja, alikuwa amepewa kazi ya sare za shule, watu wanataka kabla shule zifunguliwe Januari, na ile kitambaa yote ililala ndani ya maji ya choo siku mbili. Alilipa vitambaa vya watu pole pole na hao wateja wengi hawakurudi, si kwa ubaya, walipata fundi mwingine. Kama angekuja mtu na fomu ya kuuliza vitu vilivyoharibika, cherehani ingeandikwa na wateja wasingeandikwa. Na wateja ndio walikuwa wanatulisha.

Sasa juu mvua imerudi, fanya hivi mapema. Siku moja kukiwa na jua piga picha za kila kitu chako ndani ya nyumba na pale unauzia, hata sufuria, kabati lifunguliwe, alafu tumia mtu picha hizo, dada yako huko ushago au rafiki, juu simu ikienda na maji picha zinaenda nayo. Yakiingia na mkishakuwa salama, kabla ya kuosha ukuta piga picha ule mstari maji yaliacha, simama kando yake ndio ionekane ni ya kiuno au ya goti. Vitu vilivyoharibika vipige picha kabla ya kutupa. Enda kwa chifu upate barua na uripoti polisi upewe namba ya OB, yaani ya kile kitabu cha matukio cha polisi, usingoje mwezi uishe. Na kitu moja ambayo wenye biashara ndogo wanasahau, kama wateja wako wanakulipa kwa M-Pesa basi rekodi ya biashara yako iko, bonyeza *334# uombe taarifa ya miezi sita, itaonyesha pesa zilikuwa zinaingia kila siku alafu tarehe fulani zikakatika. Hiyo hakuna mtu atabishana nayo.

Kuandika si kusema utalipwa, sitakudanganya. Mei 2024 Rais Ruto alikuja huko kwenu Mathare akasema waliohamishwa watapewa shilingi 10,000 kila familia. Wewe unajua kama ilikufikia au haikukufikia. Lakini weka hiyo 10,000 kando ya 36,100 ya mfano wetu ndio uelewe vile unajisikia, hujazembea, ulikuwa na shimo kubwa kuliko ile udongo ulipewa kuliziba.

Mwandishi, gari yangu ililala kwa maji South C, yalifika kwa viti. Asubuhi yalipungua nikajaribu kuwasha ikalia mara moja ikanyamaza. Fundi anasema injini imeenda. Bima watalipa ama nimejiharibia? – Baba wa South C

Ndugu yangu, kwanza kwa wale wengine wanaosoma, gari ikiingia maji USIWASHE. Hata ukiona imekauka nje. Injini inafanya kazi kwa kukandamiza hewa na maji hayakandamiziki, kwa hivyo ukiwasha na maji yako ndani ya silinda kile chuma kinachosukuma pistoni kinapinda na kitu ambacho kingekuwa kazi ya kumwaga oili na kukausha kinakuwa kazi ya kununua injini. Toa waya wa betri, ita gari la kuvuta, basi.

Kwa yako wewe, angalia ile karatasi ya bima. Kama ni thadi pati pekee, hiyo inalipa uliyemgonga, gari yako mwenyewe haimo. Kama ni komprehensivu, ile inayolipa gari yako pia, soma ndani kama mafuriko yametajwa, kuna kampuni zinaweka moja kwa moja na kuna zingine ni kitu cha kuongezewa na unalipia kidogo juu yake. Wengi wetu tunanunua bima kwa simu na hatujawahi kusoma hata ukurasa mmoja. Wanaweza kubishana na wewe kuhusu ile kuwasha, wakisema maji hawakatai lakini injini uliiua wewe, kwa hivyo usiseme uongo lakini pia usikubali haraka, taka asesa, yule mkaguzi wa hasara, aje aone maji yalifika wapi na aandike ripoti, na wewe uombe nakala yake. Ripoti leo, si wiki ijayo. Wakikukatalia bila sababu iliyoandikwa kuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, wanapokea malalamiko ya wateja na hailipishwi.

Na kama uko na bima ya vitu vya nyumba, kuna mtego hapo watu hawaelezwi. Tuseme vitu vyako vyote ni vya 400,000 lakini ndio ulipe kidogo uliandikisha 200,000. Maji yakiharibu vya 100,000 unafikiri utalipwa 100,000 juu bado iko chini ya ile 200,000. Hapana, watasema uliweka bima nusu basi nawe unalipwa nusu, 50,000. Nimeona mzee mmoja jirani yangu akilia mbele ya kaunta kwa hii maneno. Andikisha bei ya kweli.

Niko Mukuru kwa Reuben. Kitu sielewi ni vile huku kwetu kulikuwa na manyunyu tu, watu walikuwa wanatembea bila mwavuli, alafu saa nane usiku mto ukaja umejaa. Watu wanasema kuna mtu alifungulia maji huko juu. Ni ukweli? – Kijana wa Mukuru

Kijana wangu, swali nzuri sana na nimefurahi umeuliza badala ya kuamini tu.

Nairobi imelala kwa mteremko. Upande wa magharibi, Limuru, Kikuyu, Ngong, ni juu, na mashariki ni chini, ndio maana mito yetu yote inaelekea huko chini. Mto Nairobi unaanzia bwawa la Ondiri huko Kikuyu. Huo wenu wa Ngong unatoka upande wa Dagoretti, unapita Kibera pale Nairobi Dam, unapita viwandani ndio unafika kwenu Mukuru. Yote mwishowe inaingia mto Athi na kwenda mpaka bahari. Kwa hivyo mvua iliyokuja kwa mlango wako usiku ilinyesha masaa kadhaa mapema mahali wewe hukuwa, haikuhitaji mtu wa kuifungulia. Ukitaka kujua kama mto utajaa usiangalie mbingu ya Mukuru, pigia mtu aliye Dagoretti ama Karen umuulize huko kukoje.

Sasa kwa nini maji ni mengi hivyo. Shika hii hesabu, milimita moja ya mvua ikianguka kwa mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chumba chako cha futi kumi kwa kumi paa lake ni mita tisa na kidogo, mvua ya milimita 50 hapo juu ni lita kama 460, mitungi 23 ile ya lita 20. Paa moja tu! Ekari moja iliyofunikwa na simiti na lami, mvua hiyo hiyo, ni zaidi ya lita 200,000, hayo ni maboza ishirini ya lita 10,000 yakimwagwa kwa pamoja. Zamani hiyo ekari ilikuwa shamba ama msitu na maji mengi yangezama chini pole pole. Leo ni maegesho ya gari na maghorofa na kila tone linatafuta mtaro, na mtaro umejaa chupa za plastiki na karatasi na matofali ya mtu anayejenga. Ukiongeza ule udongo mweusi wa Eastlands ambao ukishalowa unafura na kufunga, maji hayana mahali pa kwenda ila kwa nyumba za watu.

Na saa zingine kweli kuna kitu kinafunguka, lakini si mtu. Kule Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024 watu wa familia nyingi walifagiliwa usiku wakiwa wamelala, na Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli pale njia ya kupitishia maji chini yake ilikuwa imezibwa na takataka na miti, likaachilia kwa mpigo mmoja. Hiyo ndio inaniogopesha kwa mitaro yetu. Mahali maji yameziba na yanakusanyika si mahali salama hata kama huku chini kumekauka, hapo ndio hatari zaidi. Mkiona mto umepungua ghafla wakati huko juu kunanyesha, tokeni, msishangilie.

Usipite ndani ya maji yanayotembea. Mita moja ya maji, yaani urefu na upana na kimo, ni tani moja ya uzito, na hiyo tani inakimbia. Maji ya sentimita 15 tu, hayajafika hata nusu ya muundi, yakiwa na kasi yanaweza kuangusha mtu mzima, na 30 zinatosha kuinua gari ndogo. Waliofariki Kenya nzima kwa ile masika ya 2024 walikuwa karibu 300, na kati yao kulikuwa na watu wanajaribu kuvuka tu.

Umesema pia kwa ile barua yako ndefu kwamba baada ya maji kulikuja tingatinga. Naelewa sheria ya mto, hiyo mita 30 kutoka ukingo wa mto ambayo serikali iliagiza watu watoke 2024 ina sababu, sitaki mtu yeyote alale mahali mto utamfuata. Lakini naandika hapa bila kuogopa kwamba mtu aliyepoteza vitu kwa maji Jumanne na nyumba kwa tingatinga wiki iliyofuata amepata hasara mara mbili, na hiyo ya pili hakuna fomu yoyote ya mafuriko nimeona inaiuliza. Kodi alikuwa analipa kila mwezi, na kuna mtu alikuwa anaipokea. Iandike pia, na tarehe yake.

Dada nimesikia kwa redio kuna mfuko wa dunia wa hasara na uharibifu. Tunajiandikisha wapi? – Msomaji, Githurai

Mfuko upo, lakini mtu binafsi hajiandikishi. Kule Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022 kwa mkutano wa COP27, ule wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, nchi zilikubaliana uwe, na siku ya kwanza ya COP28 Dubai, 30 Novemba 2023, ukaanzishwa rasmi, Benki ya Dunia ikapewa kazi ya kuutunza na bodi yake ikaenda kukaa Ufilipino. Ni wa kusaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi na hazikuyaleta, kama sisi. Ahadi zilizotolewa Dubai zilikuwa kama dola milioni 700, ukigawa kwa nchi zote zinazoungua na kuzama utaona vile ni kidogo.

Kitu napenda hapo ni yale maneno mawili. Wanayatenganisha kwa maana, uharibifu ni kile unaweza kutengeneza, daraja, barabara, ukuta, na hasara ni kile hakirudi hata ukiwa na pesa. Mtu aliyekufa. Kaburi lililosombwa. Mwaka wa shule. Ukirudi kwa yule mama wa chapati utaona hata ndani ya chumba kimoja Mathare hayo mawili yako.

Na hapa kuna kazi yetu. Nchi ikienda kuomba pesa huko inatakiwa kuonyesha ilipoteza nini, na nchi haina kitabu kingine isipokuwa kile chifu aliandika, kile kaunti iliandika, kile Msalaba Mwekundu waliandika kwa kambi. Kama Githurai nzima iliandika godoro, jiko na nguo, basi hata huko Ufilipino Githurai ilipoteza magodoro. Kwa hivyo wewe jiandikishe kwa chifu wako, na uangalie anaandika nini, na kama fomu haina nafasi mwambie aandike nyuma ya karatasi.

Mamangu ana miaka 61, tunaishi naye Kayole. Nyumba yetu ilioshwa, vitu tulishanunua vingine, kuta zikapakwa rangi. Lakini mvua ikianza usiku anaamka anavaa viatu anakaa kwa kiti na mkoba kwa mapaja mpaka asubuhi. Hasemi kitu. Ndugu zangu wanasema ni uzee. Picha yake ya harusi na ya marehemu baba zote zilienda na maji. Nifanye nini? – Binti yake, Kayole

Barua yako niliisoma mara tatu.

Huo si uzee, dadangu. Mtu akishatolewa kwa kitanda na maji gizani, mwili wake unajifunza ile sauti ya mvua kwa mabati na kila ikirudi unaamka kabla yeye hajafikiria. Wanaosaidia watu baada ya majanga wanaijua sana hii, kuamka usiku, kushtuka, kukaa kimya, kukataa kuzungumzia. Kwa wengi inapungua yenyewe wakiwa na watu wao karibu na maisha yakirudi kwa mpangilio. Kwa wengine haipungui, na kama imepita miezi na bado halali, hali chakula vizuri, ama anaanza kusema maneno ya kukata tamaa, hiyo ni ya hospitali kama vile malaria ni ya hospitali. Uliza kliniki yenu kama wana mshauri nasaha, na unaweza pia kupigia Msalaba Mwekundu 1199, hailipishwi, wana watu wa kuongea naye kwa Kiswahili.

Wakati huo, usimwambie mama alale hakuna kitu. Hata siku ile nyumba ilionekana haina kitu, na kulikuwa na kitu. Badala yake kaa naye muelewane mpango, nani anaangalia mto, nani anazima stima kwa swichi kuu kabla maji yafike kwa soketi, mnatoka kwa mlango gani mnaenda kwa nani. Ule mkoba anaoshika usiuchukue. Mnunulie mfuko wa plastiki wa kufunga vizuri, mweke pamoja vitambulisho, cheti cha kifo cha baba, kadi ya hospitali, dawa zake za wiki moja, tochi na pesa kidogo, uning'inie juu kwa msumari mahali anauona. Kama vyeti vyovyote vilienda, anza na abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti kupoteza, alafu Huduma Centre kwa kitambulisho, na vya mitihani vya watoto KNEC, lile baraza la mitihani, wanapokea maombi kwa mtandao wao.

Kuhusu hizo picha. Hiyo ndio hasara ile hakuna mtu atakulipa, na ndugu zako wakisema mmenunua vitu vingine vyote wanamaanisha vile viko na bei dukani. Lakini picha ya harusi haikuwa moja tu, siku hizo mpiga picha alikuwa anatoa kadhaa na zinagawanywa. Kuna shangazi ama mtu wa kanisa, ama msimamizi wa harusi, ako nayo kwa albamu huko ushago, pengine hata hajui baba yako yuko pale nyuma amesimama. Andika kwa ile grupu ya familia leo, waulize waangalie albamu zote, hata picha ambayo baba anaonekana upande mmoja tu wa uso, waipige kwa simu wakutumie. Itoe kubwa studio, ifunike na plastiki, muiweke ndani ya ule mfuko wa msumarini.

Alafu uniandikie unieleze ulipata ngapi.